Fukusi wa kunde haanzii kwa mtungi, anaanzia shambani

Juzi mama mmoja wa Mambrui alinipigia simu karibu analia. "Mwanangu, kunde zangu za mbegu zimekuwa unga, na mtungi niliufunika vizuri, huyu mdudu aliingilia wapi?" Nikamuuliza alizivuna vipi, akaniambia aliacha mpaka shamba lote likauke ndio akavuna kwa mara moja. Nikamwambia mama, hakuingilia popote, alikuwa ndani ya kunde tangu shambani, ulimbeba naye mpaka nyumbani.

Kazi yangu mimi ni wadudu wa mimea, na kunde nalima mwenyewe hapa kijijini Ganda, Malindi, mbegu ya bibi yangu, zile ndogo nyekundu zinazotambaa ambazo ukizipika kwa tui zinakuwa laini bila kupasukapasuka. Ile mbegu ya kisasa ya K80 ya agrovet pia ni nzuri, sina ubaya nayo, lakini hiyo ikiharibika unarudi dukani unanunua nyingine. Hii ya bibi ikibunguliwa yote ndio basi, hakuna duka utaipata, kwa hivyo haya mambo yananigusa sana.

Sasa sikizeni. Fukusi wa kunde, kwa kitaalamu Callosobruchus maculatus, ni kadudu ka kahawia kadogo kuliko punje ya mchele na anaruka vizuri sana. Maganda yakianza kukauka shambani anakuja mwenyewe, anataga juu ya ganda, na kama ganda limepasuka anataga moja kwa moja kwenye kunde. Yai lake limegandishwa kabisa kama kwa gundi, huwezi kulipangusa. Kifunza kikianguliwa hakitoki nje hata kidogo, kinatoboa pale chini ya yai na kuzama ndani, halafu ule uchafu wa kutoboa unajaza ganda la yai linageuka jeupe. Ndio ujue, ukishika kunde kwenye mwanga ukaona kidoa cheupe kama chembe ya chumvi, huyo tayari yuko ndani anakula. Tundu la mviringo unaloliona baadaye ni mlango wa kutokea, sio wa kuingilia, na hapa ndipo watu wengi wanakosea.

Kwa joto letu hili la pwani, kutoka yai mpaka mdudu kamili ni kama wiki 3 hadi 4. Jike mmoja anaweza kufikisha mayai 100. Chukulia nusu ni majike, hao 50 nao wakitaga hivyo hivyo ni 5,000, na hapo hata miezi miwili haijaisha vizuri! Kwa hivyo mtungi ulioingia na wadudu watatu wanne, ukiufungua baada ya miezi minne unakuta vumbi tu.

Dawa ya kwanza ni kuvuna mapema. Mimi kila siku mbili tatu napita na kikapu nachuma ganda lililokauka, lile bichi naliacha, ni kazi ndio lakini simpi fukusi nafasi. Nikifika nyumbani napukuchua siku hizo hizo, naanika kwenye mkeka mpaka kunde ukiiuma inakatika ka, haibonyei.

Halafu naziba hewa. Chupa ya soda ya lita 2, kavu kabisa, unajaza mpaka shingoni, unaitingisha zishuke, unaongeza tena, unakaza kizibo na unaiacha miezi miwili usiifungue hata kwa kuchungulia. Waliomo ndani wanamaliza hewa, wanaacha kula, wanakufa. Wenye magunia kuna ile mifuko ya PICS, plastiki mbili ndani na gunia nje, Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kiliibuni kwa ajili ya kunde hizi hizi za Afrika, akili ni ile ile ya chupa. Kama una friza ya samaki weka wiki moja, lakini ziwe zimekauka na zimefungwa, na ukizitoa ngoja ubaridi uishe kabla ya kufungua manake zitashika maji. Jivu pia linafanya kazi, sio kunyunyiza kidogo kama watu wanavyofanya, ni vikombe 3 vya jivu lililopoa na kuchungwa kwa vikombe 4 vya kunde, unachanganya, na juu unamalizia na tabaka la jivu tupu.

Huko shambani nako wapo wengine. Vidukari, wale weusi wanaojazana kwenye ncha changa wakati wa kiangazi, majike wanazaa bila dume na wanazaa watoto walio hai, na wanasambaza ugonjwa wa majani kuwa mabatobato, kwa hivyo ukiwaona shina moja usingoje kesho, wapukuse kwa vidole au kwa maji ya sabuni. Ukiona chungu wanapanda na kushuka kwenye mkunde, angalia juu, wanafuata ule utamu wa vidukari na wanawalinda. Maua yakiwa yameshikana kwa nyuzinyuzi na kuna kinyesi, huyo ni kiwavi wa nondo anayeitwa Maruca, fungua ua umtoe kabla hajahamia kwenye ganda. Na yule mbawakawa mweusi wa mistari ya manjano anayekula maua, usimkamate kwa mkono mtupu, maji yake yanatoa malengelenge.

Nyuki waacheni jamani. Ua la kunde linafunguka alfajiri na mchana limeshafunga, kwa hivyo dawa ya mwarobaini ya wadudu hao (gramu 50 za mbegu zilizotwangwa, lita 1 ya maji, zilale usiku kucha, uchuje) piga jioni, tena jua lenyewe linaua nguvu ya mwarobaini haraka.

Yule mama nilimwambia amwage zote kwenye uteo, achambue moja moja, yenye tundu kando, yenye kidoa cheupe kando. Alikaa nazo siku nzima na wajukuu. Walipata vikombe viwili, saa hizi viko kwenye chupa ya maji ya nusu lita, imejaa mpaka kwenye kizibo, zinangojea mvua ya mwaka, yaani masika.