"Thamaki" na "bahali": maswali ya wazazi wa Amu (Lamu) kuhusu matamshi ya watoto

Kliniki ya watoto ikiisha, mizani na chanjo zimekwisha, mama husimama mlangoni na mtoto begani, ndipo hutoa swali alilokuja nalo: mbona mwanangu hatamki sawasawa? Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Ana miaka minne, asema "thamaki" badala ya "samaki". Ulimi wake una kasoro?

Mara nyingi hauna. Simama mbele ya kioo useme "sss". Meno yamekaribiana, ncha ya ulimi iko karibu na ufizi wa juu, na pumzi yapita kwenye mwanya mwembamba ikikwaruza. Ndiyo sababu s huitwa kikwamizo. Sasa uache ulimi uchungulie kati ya meno: s imekuwa th, ile ya "thelathini". Mwanao amekosa mahali kidogo tu. Hicho ni kithembe, na kwa umri huo hakinitishi. Kama meno ya mbele yameng'oka, ngoja yaote kwanza.

Mbona "mama" na "baba" huja mapema, na r ikachelewa?

Kwa sababu m na b ni za midomo, na midomo mtoto anaiona. Kwa b na p midomo hufunga, pumzi ikajaa nyuma yake, kisha ikaachiwa ghafla. Hivyo ni vipasuo. Kwa m midomo hufunga vilevile, ila pumzi hutokea puani. Ukibana pua hapo, sauti hukatika. Nayo r yataka ncha ya ulimi ipigwepigwe na pumzi kwenye ufizi, upesi. Mtoto wa miaka mitano asemaye "bahali" badala ya "bahari" tayari amefika kwenye ufizi, ila pumzi yake yapita pembeni mwa ulimi, na hiyo ni l. Wengine huipata r wakiwa na miaka sita au saba.

Mwalimu amesema mwanangu mgonjwa, kwa kuwa asema "mato" na "ndia".

Huyo si mgonjwa, anasema Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya hapa Amu. Mato ni macho, ndia ni njia, moya ni moja, na nyanyake husema hivyohivyo. Hili huniuma, maana nimeona mtoto akinyamaza darasani wiki nzima kwa kuchekwa. Kiamu kina hata sauti ambazo maandishi ya shule hayazionyeshi. Weka kiganja mbele ya mdomo useme paa la nyumba, kisha paa yule mnyama. Kwa mnyama, mzaliwa wa Amu atahisi pumzi ikimgonga kiganjani. Fanya vivyo kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Mtoto anayetenganisha hayo ana masikio na mdomo mzima. Ch na j za shuleni atajifunza, wala si lazima apokonywe mato yake.

Nyanyake ataka akatwe kimeo ili aseme.

Nawasihi msimkate. Kaakaa laini, ambalo kimeo kinaning'inia mwishoni mwake, huinuka na kuziba njia ya pua tunapotamka p, t au s. Kukata kimeo hakumfundishi mtoto sauti yoyote. Kunaweza kumvujisha damu nyingi na kumtia vidonda vya koo, na wembe uliotumiwa kwa mwingine huweza kuleta virusi vya ukimwi au homa ya ini. Hata ule ukano chini ya ulimi, usikimbilie kuukata: akitamka t, n na l vizuri, ulimi wake wafika kwenye ufizi.

Nitajuaje kama shida ni sikio?

Shika koo useme "zzz", kisha "sss". Kwa z nyuzi za sauti hutetemeka, nayo ni ghuna. Kwa s hazitetemeki. Sauti kama s, f na sh ni hafifu, kwa hiyo mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio huenda asizisikie vizuri, na asichokisikia hakitamki. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo. Asipogeuka mara kadhaa, mpeleke akapimwe masikio kabla ya kumlaumu ulimi.

Ni lini nisingoje tena?

Akitimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au mitatu na wageni hawamwelewi mara nyingi. Maziwa yakimtoka puani kila anyonyapo, nenda mara moja. Aliye mkubwa, weka kioo kidogo chini ya pua yake aseme "papa, papa". Kioo kikifanya ukungu katikati ya neno, pumzi yavuja kwa juu, na huenda kaakaa lina ufa uliofichwa na ngozi. Na aliyekuwa akisema maneno kisha yakampotea, usimalize wiki hiyo hujamfikisha kwa daktari.