Je, wajua kwa nini wakulima wa michikichi wa Kongo hutengeneza sanamu za chokoleti?

Mwaka 2024 banda la Uholanzi kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa yanayokutanisha mataifa, lilijaa kazi za wakulima kutoka Lusanga, mji mdogo wa mkoa wa Kwilu, magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kundi lao linaitwa CATPC na lilianzishwa mwaka 2014. Sanamu zao ni za kakao na mafuta ya mawese. Ni chokoleti ya kweli, wala si rangi yake tu.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi kwenye sabuni. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimruhusu Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight (jina ambalo hata madukani kwetu si geni), kujichukulia maeneo ya michikichi yanayofikia hekta 750,000 nchini Kongo. Lusanga ikabatizwa Leverville. Wanaume walilazimishwa kuparamia michikichi na kukata mikungu ya chikichi kwa ujira usiotosha hata kulipa kodi ya mkoloni. Lever mwenyewe alikuwa mpenzi wa sanaa, na mwaka 1922 alifungua jumba la sanaa Uingereza kwa jina la marehemu mkewe. Kampuni yake ikaja kuwa Unilever, na kati ya 2000 na 2012 ndiyo iliyofadhili maonyesho ya ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London.

Wakulima wa Lusanga wanaanzia hapo. Jasho la mashambani lilisaidia kujenga majumba ya sanaa Ulaya, majumba ambayo leo huonyesha kazi za kukemea dhuluma na kupigiwa makofi, huku shamba lenyewe likibaki na udongo uliochoka. Basi kama sanaa inaleta pesa mjini, kwa nini isilete pesa Lusanga?

Kazi yao inakwenda hivi. Msanii hufinyanga sanamu kwa udongo wa palepale. Udongo haujachomwa, ukisafirishwa utapasuka, kwa hiyo sanamu hupigwa skani pande zote na faili hutumwa Amsterdam. Huko hutengenezwa kalibu, kisha chokoleti humiminwa. Amsterdam haikuokotwa tu: bandari yake ni miongoni mwa zinazopokea kakao nyingi zaidi duniani. Mnunuzi anayetaka sanaa peke yake, bila historia yake, hapati nafasi, maana zao la shamba ndilo sanamu yenyewe.

Mapato ya mauzo yamenunua ardhi, takriban hekta 200, na wanapanda mazao ya chakula pamoja na miti pale palipokuwa na zao moja tu. Mwaka 2017 wakafungua pia jumba jeupe la maonyesho hapohapo Lusanga, lililosanifiwa na kampuni ya OMA ya Uholanzi. Hapo wengi huguna, nami naguna kidogo: jumba la mtindo wa Ulaya katikati ya umaskini, tena mradi ambao msanii Mholanzi Renzo Martens amekuwamo tangu mwanzo. Nani hasa ameshika usukani? Swali ni la haki. Lakini ardhi iliyonunuliwa ni ya kundi, na hilo si jambo dogo kwa watu ambao babu zao walikuwa vibarua kwenye ardhi hiyohiyo.

Jumba hilo lilipata kazi yake nzito kuliko zote kwa ajili ya sanamu ya mbao isiyofika hata mita moja. Mwaka 1931 Wapende, watu wa kabila la eneo hilo, waliasi dhidi ya kodi na kazi za shuruti, wakamuua ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot. Jeshi la kikoloni liliua zaidi ya watu 500. Sanamu ya Balot ilichongwa ili kuidhibiti roho yake, isiwadhuru tena. Baadaye iliishia kwenye jumba la sanaa la Virginia, Marekani. CATPC waliomba kuiazima, mambo hayakwenda. Mwaka 2022 wakatengeneza NFT, yaani hati za kidijitali za kuuza, kwa picha ya sanamu hiyo, na jumba la Virginia likalalamika. Miaka miwili baadaye likakubali kuiazimisha.

Ikawekwa Lusanga, si Venice. Wageni wa Biennale waliiona kwenye skrini tu, kwa matangazo ya moja kwa moja, na aliyetaka kuitazama kwa macho yake ilimbidi asafiri hadi Kwilu. Hata hivyo mkataba ulikuwa wa kuazima kwa muda wa maonyesho. Umiliki ulibaki Virginia.