Jasho la mpanda farasi si mafuta

Tangu zamani watu huamini kwamba mpanda farasi wa mbio hupunguza unene kwa kutoka jasho. Mizani hushuka kweli, ila kinachotoka ni maji: lita 1 ya jasho ni takriban kilo 1, nayo hurudi akishakunywa. Mafuta ya mwilini hayayeyuki kwa joto.

Mtu wa kilo 55 akipoteza kilo 1.1 tu, moyo huanza kwenda mbio na akili huzubaa, huku farasi akikimbia kilomita 60 kwa saa. Ndiyo maana viwanja vya mbio za farasi vya Uingereza viliondoa kabisa sauna, yaani vyumba vya joto vya kutoa jasho, mwaka 2021. Uamuzi mzuri, ingawa ulichelewa mno.

Njia salama ni ya polepole: kupunguza nusu kilo kwa wiki, mayai au samaki kila mlo, wanga kiasi saa 3 kabla ya mbio, maji kidogo kidogo kutwa nzima. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, mwili umekauka. Na tandiko pia hupimwa pamoja na mpanda farasi, kwa hiyo jepesi husaidia.

Njaa ya miaka mingi hudhoofisha mifupa. Akistaafu, aongeze chakula taratibu, maziwa na dagaa wakiwemo, na aendelee kunyanyua vyuma.