Ngumi ya sekunde mbili: jinsi filamu inavyolipa jitu uzito

Kwenye filamu ya Pacific Rim ya mwaka 2013 kuna ngumi moja ambayo kila nikiitazama lazima nirudishe nyuma. Gipsy Danger, roboti la Kimarekani lenye urefu wa karibu mita 80, linapigana usiku na mnyama jitu kwenye mitaa ya Hong Kong. Linarusha ngumi, mnyama hapatikani, ngumi inatoboa jengo la ofisi. Inapita juu ya meza, inasomba viti, inararua dari, inaanza kupoteza nguvu, halafu inaishia kugusa taratibu yale mapambo ya mezani ya vigololi vya chuma vilivyoning'inizwa kwa nyuzi. Cha kwanza kinagonga, cha mwisho kinaruka. Watu hucheka hapo, na mimi nacheka. Ila jicho langu liko kwenye muda: tangu ngumi iingie ukutani mpaka isimame.

Mimi ni mtu wa animesheni. Siku nyingi nachezesha vitu vya kawaida kabisa, chupa ya soda inayokata mauno au simu iliyoota miguu, lakini kanuni haibadiliki. Mtazamaji hana futi wala mizani. Ukubwa wa kitu anaupima kwa muda kinaochukua kusogea.

Chukua jiwe. Likianguka kutoka urefu wa mtu, mita 1.8, linafika chini kwa takriban sekunde 0.6. Likianguka kutoka mita 80 linachukua sekunde 4. Urefu umeongezeka mara 44, muda umeongezeka karibu mara 7 tu, kwa sababu muda wa kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha urefu. Hakuna anayepiga hesabu hii akiwa na bisi mkononi, lakini tangu utotoni tumeona vitu vikianguka, na macho yanaijua. Jitu la mita 80 likiporomoka kwa sekunde moja, mtu anajua papo hapo kwamba anaonyeshwa kitu kidogo.

Sasa rudi kwenye ngumi. Mtu akizungusha mkono, ngumi inasafiri kama mita moja na nusu kwa theluthi ya sekunde hivi. Mkuze mtu huyo mara 44 bila kumwongezea muda, na ngumi yake itakwenda zaidi kidogo ya kilomita 700 kwa saa, inakaribia kasi ya ndege ya abiria ikiwa angani. Mpe sekunde mbili na kasi inashuka hadi kama kilomita 120 kwa saa. Hapo chuma kinaanza kuonekana chuma.

Tatizo ni kwamba ngumi ya sekunde mbili, ikirudiwa kwa filamu nzima, inalaza watu. Kwa hiyo mafundi wa Industrial Light & Magic, kampuni iliyotengeneza picha za kompyuta za filamu hii, chini ya John Knoll, hawakuwa na njia ila kuiba muda mahali pengine. Utaona kabla ya pigo kubwa kiwiko cha Gipsy kinafunguka na roketi inawaka. Shabiki anaona fataki. Mimi naona watu wa animesheni wakiomba ruhusa ya kuharakisha mkono, na wanapewa kwa sababu sasa kuna mtambo unaousukuma. Halafu tazama kiuno na miguu: mwili unaanza kujipinda mapema sana kabla mkono haujaondoka, na baada ya pigo hausimami hapohapo. Ni lori la shehena linaloshuka mteremko mkali wa Kitonga. Dereva anashika breki sasa ili lipunguze mwendo mbele kule.

Haya si mapya. Mwaka 1954, studio ya Toho ya Japani ilipotengeneza Godzilla, hapakuwa na kompyuta za kuchorea filamu. Fundi wa hila za picha, Eiji Tsuburaya, alijenga Tokyo ndogo kwa kipimo cha 1 kwa 25, akamvisha mwigizaji Haruo Nakajima vazi la mpira lenye uzito wa takriban kilo 100, akamtuma akavunje majengo. Siri ilikuwa kuendesha kamera kwa kasi kuliko kawaida, kisha kuonyesha filamu kwa mwendo wa kawaida wa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Kwa modeli ya kipimo hicho, hesabu inadai kamera ikimbie mara 5, kwani kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Vifusi vikadondoka polepole, na mtu wa mita mbili akawa mnyama wa mita 50.

Kitu kimoja kilimshinda kila fundi wa modeli, nacho ni maji. Unaweza kupunguza ghorofa mara 25, tone la maji hulipunguzi. Kwenye filamu za zamani mnyama akitoka baharini, matone yanayomdondoka yanaonekana makubwa kama kichwa chake, na udanganyifu unaishia hapo. Ndiyo maana napenda mvua ya Pacific Rim kupita kiasi. Wengine hudai mwongozaji wake, Guillermo del Toro, aliweka usiku na mvua ili kuficha kasoro. Mimi naona kinyume chake: kuchora maji kwa kompyuta ni kazi ghali na ngumu, anayetaka kuficha hajitafutii balaa hilo. Tazama maji yanavyomwagika mabegani mwa roboti. Juu ni mkondo, katikati yanakatika vipande, yakifika magotini yamekuwa ukungu. Ukungu ule ndio unaokuambia kwamba kutoka begani hadi gotini ni safari ndefu.

Mfano wa kinyume ni muendelezo wake wa mwaka 2018, Pacific Rim: Uprising. Pambano la Tokyo ni la mchana kweupe, maroboti yanakimbia, yanaruka, yanageuka kama wanasarakasi. Kila kitu kinaonekana vizuri, na hakuna kinachoonekana kizito. Si suala la teknolojia, maana ilikuwa imesonga mbele miaka mitano. Ni uamuzi wa mwendo, na kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi mbaya.

Kwa wale wa fizikia: ndiyo, najua. Uzito rasmi wa Gipsy Danger ni tani 1,980. Mtu wa kawaida akikuzwa hadi mita 79 anakuwa na ujazo wa karibu mita za ujazo 6,700, ambazo zikiwa maji ni tani 6,700. Kwa maana hiyo roboti lile, lisipojazwa maji, lingeelea kama boya, na tunaliona likitembea chini ya bahari! Sinung'uniki. Tani za kwenye karatasi hazionekani kwenye skrini.

Mahali ambapo hila hizi zinapata mtihani wa kweli ni kibanda umiza, ukumbi wa mtaani wa kuonyeshea filamu. DJ anatafsiri juu ya sauti zote, anamtukana mnyama, anatuhakikishia kwamba stelingi hafi, na spika hazina besi ya kutikisa kifua. Uzito wote unabaki juu ya picha. Ngumi ya Hong Kong inapita mtihani huo.

Ukiitazama nyumbani, fanya jambo moja kwanza. Televisheni nyingi za sasa zinatoka dukani zikiwa zimewashwa kitu cha kulainisha mwendo, kinachobuni fremu za ziada katikati ya zile 24. Kwenye mpira wa miguu sina ugomvi nacho. Kwenye filamu ya majitu kinatelezesha kila mjongeo, na roboti la mita 80 linageuka mchezo wa kompyuta. Ingia kwenye mipangilio ya picha, kitafute, maana kila kampuni imekipa jina lake, ukizime. Kama TV yako ina hali ya filamu, chagua hiyo. Mara nyingi inakizima au kukipunguza.