Kuvu wanaovunja lignini: kuwachuja maabarani bila kudanganywa na rangi

Gogo lililooza likawa jepesi, jeupe na lenye nyuzinyuzi kama pamba iliyolowa lina kuvu anayevunja lignini, ile gundi ngumu inayoshikamanisha nyuzi za mti. Gogo lililogeuka kahawia, likapasuka vipande vya mraba na kusagika vidoleni, limeliwa selulosi. Sehemu kubwa ya lignini imebaki. Uchujaji basi huanzia porini: chukua la kwanza, acha la pili.

Kata vipande vya milimita 3 hadi 5 kutoka ndani ya gogo, pale ubao uliooza unapopakana na mzima, kwa kuwa ndipo kuvu yuko hai zaidi. Vitie kwenye hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 1 kwa dakika moja, visuuze mara tatu kwa maji yaliyotakaswa, kisha vipandikize kwenye agari ya kimea (jeli ya kuoteshea vijidudu). Kwa kila lita ongeza miligramu 100 za kloramfenikoli kuzuia bakteria na miligramu 2 hadi 4 za benomili kuzuia ukungu wa kijani. Bila benomili, Trichoderma huijaza sahani kabla kuvu wa mti hajaamka. Akishatakasika, mhamishie kwenye agari isiyo na dawa.

Sahani za kupimia huandaliwa hivi kwa lita moja: gramu 5 za kimea, gramu 15 za agari, pH 5 hadi 5.5, kisha pika kwa nyuzi joto 121 kwa dakika 15. Agari ikipoa hadi nyuzi joto 50 hivi, gawanya na kuongeza kiashiria, yaani kemikali inayobadilika rangi ikiguswa na kimeng'enya cha kuvu: gwayakoli gramu 0.2, au ABTS gramu 0.3, au rangi ya buluu ya Remazol Brilliant Blue R gramu 0.2. ABTS ichujwe kwa chujio la mikromita 0.22, isipikwe pamoja na agari. Anayetumia asidi ya taniki kuwa kiashiria, kama kwenye kipimo cha Bavendamm cha tangu 1928, aipike peke yake. Asidi ikichemka pamoja na agari, agari hugoma kuganda.

Weka kipande cha milimita 5 kutoka ukingo wa koloni, weka gizani kwenye nyuzi joto 25 hadi 28, kagua kila siku hadi siku ya 14. Gwayakoli ikiwa nyekundu-kahawia au ABTS ikiwa kijani, kuna vimeng'enya vya kuoksidisha, mara nyingi lakasi. Buluu ikififia, huenda ni lakasi au peroksidasi, kimeng'enya kinachohitaji hidrojeni peroksaidi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Lakasi wanayo hata ukungu wasioweza kuvunja lignini, hivyo duara la rangi peke yake halithibitishi kitu. Ukubwa wa duara nao si kipimo cha wingi, maana kimeng'enya huenea kwenye agari kwa kasi tofauti. Rangi ya buluu huweza kunaswa na nyuzi za kuvu bila kuvunjwa: kwangua nyuzi hizo na kuzitazama, zikiwa za buluu, rangi imenaswa tu. Baadhi ya Streptomyces, bakteria wenye nyuzi kama kuvu, hutoa rangi yao ya kahawia, kwa hiyo kila aina ioteshwe pia kwenye sahani isiyo na kiashiria. Na daima iwepo sahani isiyopandikizwa kitu, kwani viashiria hivi hubadilika vyenyewe kwa muda na mwanga. Mfano mzuri wa kulinganishia hauhitaji kuagizwa mbali: uyoga mamama unaolimwa ni mvunjaji lignini halisi.

Walioshinda huoteshwa kwenye mchuzi wa virutubisho, kisha maji yake hupimwa kwa spektrofotomita, chombo kinachopima mwanga unaofyonzwa. Kwa lakasi tumia ABTS kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya asetati ya pH 4.5 hadi 5, soma mawimbi ya nanomita 420 kwa kichupa cha kupimia chenye upana wa sentimita 1. Kigezo cha hesabu, yaani mwanga unaofyonzwa na ABTS iliyooksidishwa kwa kila moli kwa lita na kila sentimita, ni 36,000. Usomaji ukipanda 0.36 kwa dakika katika mililita 1 yenye mikrolita 100 za sampuli, umepata yuniti 100 kwa lita (yuniti moja hubadilisha mikromoli 1 kwa dakika). Pima pia sampuli iliyochemshwa. Ikipanda vilevile, hicho si kimeng'enya. Peroksidasi huhitaji hidrojeni peroksaidi, nayo iongezwe kidogo, kwa sababu ikizidi huua kimeng'enya chenyewe. Pima kwanza bila peroksaidi ili utoe mchango wa lakasi.

Hesabu ikiwa sifuri usimtupe kuvu haraka. Phanerochaete chrysosporium, kuvu mvunjaji lignini, hutoa peroksidasi ya lignini naitrojeni ikipungua, kwa hiyo mchuzi mtamu wenye protini nyingi humfanya aonekane mvivu. Mrututu (salfeti ya shaba) kidogo huamsha lakasi. Peroksidasi ya manganizi hutaka manganizi kwenye mchuzi. Hukumu ya mwisho hutolewa na vumbi la mbao: pima lignini kwa asidi ya salfuriki ya asilimia 72 kabla na baada ya wiki kadhaa za kuoteshwa, ukikumbuka kuhesabu pia uzito mzima uliopotea. Usipofanya hivyo, selulosi ikiliwa peke yake, asilimia ya lignini itaonekana imepanda.