Waasisi wa Marekani na vyama vya siasa: tunayoambiwa na yaliyotokea

Kila Julai 4 utawaona watu mtandaoni wakiandika kwamba Marekani inasherehekea katiba yake. Sivyo. Tarehe hiyo ya mwaka 1776 ni ya Azimio la Uhuru. Baada ya hapo nchi ilikaa zaidi ya miaka kumi bila katiba tunayoijua leo. Iliongozwa na Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika 1781: hakukuwa na rais mtendaji wala mahakama kuu, na Kongresi haikuruhusiwa kutoza kodi. Ikihitaji fedha iliyaomba majimbo, nayo yalitoa yakipenda. Katiba yenyewe iliandikwa Philadelphia, kuanzia Mei hadi Septemba 17, 1787. Wajumbe 55 walihudhuria, 39 wakatia saini, na Rhode Island haikutuma hata mmoja.

"Katiba aliiandika Thomas Jefferson." Jefferson wakati huo alikuwa Paris, mwakilishi wa nchi yake nchini Ufaransa, na John Adams alikuwa London kwa kazi kama hiyo. Aliyefika Philadelphia akiwa amejiandaa kuliko wote ni James Madison wa Virginia. Hata hivyo, naye hakupata yote aliyoyataka. Alipigania viti vya Seneti vigawanywe kwa idadi ya watu, majimbo madogo yakamshinda.

"Haki za raia zilikuwamo tangu mwanzo." George Mason alitaka ziwekwe, wenzake wakakataa, naye akagoma kutia saini. Zilikuja baadaye. Mwaka 1789 Kongresi iliyapelekea majimbo mapendekezo 12, na kufikia Desemba 1791 yalikuwa yamepita 10. Lile la uhuru wa kusema na kuabudu, ambalo leo linatajwa kwa fahari kuwa la Kwanza, lilikuwa la tatu kwenye orodha hiyo. Lilipanda kwa kuwa mawili ya juu yake yalikwama. Mojawapo, linalohusu mishahara ya wabunge, lilikuja kupita mwaka 1992!

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba waasisi walikaa chini wakabuni mfumo wa vyama viwili. Walioandika Katiba waliviona vyama kama maradhi, na hawakuviwekea kifungu chochote. Vyama vilizaliwa kwenye ugomvi ndani ya baraza la mawaziri la George Washington, rais wa kwanza. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya vita ya majimbo na kuanzisha benki ya taifa. Jefferson, sasa Waziri wa Mambo ya Nje, alisema Katiba haitoi mamlaka ya kuanzisha benki, na Madison akawa upande wake. Ni Madison huyu huyu ambaye miaka michache nyuma alishirikiana na Hamilton kuandika makala za kuitetea Katiba.

Benki ilipita 1791. Mwaka huo huo Jefferson alimwajiri mshairi Philip Freneau awe mtafsiri wizarani kwa dola 250 kwa mwaka. Freneau akafungua gazeti, National Gazette, akawa anaishambulia serikali iliyokuwa ikimlipa mshahara. Upande wa Hamilton nao ulikuwa na gazeti lake, la John Fenno, aliyepewa kazi za uchapaji za serikali. Mwaka 1792 Washington aliwaandikia mawaziri wote wawili akiwasihi wapunguze makali. Kila mmoja alijibu kwa kumlaumu mwenzake.

Washington mwenyewe husifiwa kuwa hakuwa na upande. Hakujiunga na chama, kweli, na hotuba yake ya kuaga ya 1796 ilionya juu ya roho ya kichama. Lakini katika mambo mengi mazito aliegemea kwa Hamilton, na sehemu kubwa ya hotuba hiyo iliandikwa na Hamilton. Kundi la Jefferson lisingeweza kulisikia onyo hilo kama neno la mwamuzi.

Kundi hilo lilijiita Republican, basi wengi hudhani ndicho chama cha Republican cha leo. Hapana, hiki kilianza 1854.

Halafu kuna simulizi kwamba 1801 madaraka yalipokezanwa kistaarabu bila tatizo. Damu haikumwagika, ila tatizo lilikuwapo. Kila mjumbe wa uchaguzi, yaani mtu aliyeteuliwa na jimbo lake kumchagua rais, alipiga kura mbili za urais. Wa kwanza awe rais, wa pili makamu. Mwaka 1796 utaratibu huo ulimpa Adams, wa upande wa Hamilton, urais kwa kura 71 na mpinzani wake Jefferson umakamu kwa kura 68. Mwaka 1800 Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, walifungana kwa kura 73, Adams akapata 65. Baadhi ya kura hizo 73 zilitokana na watumwa, ambao majimbo ya Kusini yaliruhusiwa kuwahesabu watano kama watu watatu ili yapate wabunge na wajumbe zaidi, huku wenyewe hawapigi kura.

Baraza la Wawakilishi lilipaswa kuamua, kila jimbo kura moja. Wabunge wengi wa upande wa Adams walimuunga mkono Burr ili kumzuia Jefferson, na Baraza likapiga kura mara 36, kuanzia Februari 11 hadi 17, 1801. Joseph Nicholson wa Maryland, akiwa mgonjwa, alipelekwa bungeni kwenye theluji, akalazwa chumba cha pembeni, akapiga kura kitandani. Bila yeye jimbo lake lingemwendea Burr. Mkwamo uliisha James Bayard, mbunge pekee wa Delaware, alipoacha kumuunga mkono Burr, na Jefferson akawa rais. Adams hakungoja kuapishwa kwa mrithi wake, aliondoka mjini alfajiri ya Machi 4.

Mwaka 1804 Mabadiliko ya 12 yalitenganisha kura ya rais na ya makamu, ili wagombea wa kundi moja wasifungane tena. Vyama vyenyewe, Katiba haijavitaja hadi leo.