Eti apu ya simu haiwezi kusaidia sonona?

Kuna hii imani ya siku nyingi kwamba sonona na wasiwasi haviwezi kupungua bila mtu kukaa mbele yako, simu ni ya kuchati tu basi. Sio kweli kihivyo. Apu nyingi zinatumia tiba ya fikra na tabia, aliyoianzisha daktari wa akili Mmarekani Aaron Beck miaka ya 1960, na sehemu kubwa ya tiba hiyo ni mazoezi: umemtumia mtu meseji, kaisoma kakaa kimya, kichwani inakuja "ananichukia", apu inakwambia iandike hiyo, afu inakuuliza ushahidi uko wapi, labda yuko bize tu? Swali jepesi, ila linataka kurudiwa rudiwa. Mwaka 2017 huko Marekani vijana 70 wa miaka 18 hadi 28 walifuatiliwa wiki mbili, wengine wakachati na Woebot, yaani roboti ya kuchati kwenye simu, wengine wakapewa kitabu cha kusoma. Sonona ilishuka kwa waliochati, ila wasiwasi ulipungua pande zote mbili , yaani hapo apu haikuzidi kitabu (hilo matangazo ya apu huwa hayalisemi). Shida nyingine, watu wanaziacha mapema. Na kama unawaza kujiua hapo sio pa apu, mpigie mtu au nenda hospitali leo leo.